Kopo la Tano

Papa Osée aliponiuliza swali lake, ndoo yangu ilikuwa hatua sita nyuma yangu, ndani ya chumba, pembeni mwa kitanda, na chini ya ndoo ndipo lilipokuwa jibu. Mlango ulikuwa wazi. Upepo wa mwisho wa Mei ulikuwa ukiinua pazia na kuliacha, ukiinua na kuliacha, na kila lilipoinuka nilihisi mgongo wangu unapoa, kana kwamba watu wote waliosimama pale uani wangeweza kuona mpaka ndani, mpaka kwenye plastiki ile ya bluu. Hakuna aliyeangalia huko. Walikuwa wananitazama mimi usoni. Rabia peke yake ndiye aliyejua, na yeye alikuwa ameinamisha macho.

Lupango wetu uko Katuba, Lubumbashi. Ni vyumba sita vinavyotazamana, bomba moja la maji katikati, na lango la bati ambalo halifungi vizuri. Mwenye nyumba ni huyo Papa Osée. Anakaa mbali, anakuja mara moja kwa mwezi, na anachotaka ni utulivu. Mimi na marehemu mume wangu Liévin, fundi wa reli, tuliingia hapo zamani, na alipofariki nikabaki na vyumba vyetu viwili na picha yake akiwa na kofia ya kazi. Watu walikuwa wananiachia funguo zao. Nilikuwa kiongozi wa jumuiya yetu ndogo ya kikatoliki. Ndimi niliyeandika majina ya wagonjwa wa kuombewa, ndimi niliyegawa zamu za kufagia kanisa. Nilijua nani ameamka na nani hajaamka, nani amelala nje, nani amepika majani ya sombe bila mafuta na kusema ameshiba. Nilidhani kuona watu ni sawa na kuwalinda.

Rabia alikaa upande wa pili wa bomba, mlango wake ukiutazama wangu. Wazee wake walitoka Maniema, Waislamu wa tangu na tangu, na yeye alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikuwa inaanza kuimba kabla kengele ya misa haijalia. Alikuwa mjane pia, mume wake Asani alikufa kijana. Sikukuu ya Idd alinitumia sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, Noeli nikairudisha na kitu juu yake. Wakati wa kilio cha Liévin alikaa siku tatu na mashemeji zangu kwenye mbabula za mkaa, macho mekundu kwa moshi, akipepeta mchele wa watu asiowajua.

Kwenye dirisha lake alikuwa na makopo manne ya maziwa ya unga, na ndani ya kila kopo mmea wenye majani manene, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, kingo zake zimekatwakatwa kama msumeno uliochoka. Ukivunja jani, linatoa maji. Alikuwa amejifunza kuitunza mimea hiyo kwa bibi mmoja Mgiriki aliyemwajiri mjini akiwa msichana. Yule bibi aliiita kwa jina lake refu la Kifaransa. Rabia aliiita kinono tu, kwa sababu ya kushiba kwake.

Mimi nilikitaka kinono kwa ajili ya kaburi. Kwetu tarehe moja Agosti ni siku ya wazazi: asubuhi tunakwenda makaburini na majembe na ndoo kuwasafishia wafu wetu, mchana tunarudi kula na kunywa na wazazi walio hai. Miaka miwili mfululizo nilikuwa nimempelekea Liévin maua ya plastiki, na miaka miwili mfululizo niliporudi wiki iliyofuata hayakuwepo. Nilimwambia Rabia, nikicheka ili nisilie, kwamba kuna mtu mahali fulani ana sebule nzuri kwa jasho langu. Kisha akachukua mkasi wake wa kushonea, akakata tawi kwenye moja la makopo yake, akaniwekea kiganjani.

Alinieleza nisilipande siku hiyo. Lilale kivulini siku mbili, tatu, mpaka kidonda chake kikauke na kuota ngozi. Ndipo litiwe kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na udongo kidogo, kwenye kopo lililotobolewa chini. Nilitii yote hayo. Lakini maji nilitia kila asubuhi baada ya sala, kwa sababu sikuweza kuona kitu hai kimekaa kwenye mchanga mkavu nikanywa chai yangu kwa amani. Baada ya wiki tatu shina likawa jeusi, likalala. Rabia alikuja, akaligusa kwa kidole, likakatika.

"Uliiua na huruma, Mama Régine," akasema.

Alinipa tawi lingine. Safari hii nilijifunza kutia kidole kwenye mchanga kwanza, mpaka kifundo cha pili, na kama kuna ubaridi niondoke. Nilijifunza kuacha. Kwa mtu kama mimi, ambaye siku nzima mkono wake uko kwenye jambo la mwenzake, hilo lilikuwa somo gumu kuliko rozari ya kilatini. Kinono kilikubali. Kilitoa majani mawili, kisha manne, kisha kikatanuka mpaka kikaficha mdomo wa kopo. Lakini maua, hakuna. Mwaka mzima kilikaa kijani tupu, kizuri, kimya kama mgeni asiyetaka kusema alikotoka.

Ndipo Rabia aliponifundisha habari ya giza.

Alisema mmea huu hauhesabu miezi, unahesabu urefu wa usiku. Nje, porini, siku zinapofupika unajua wakati umefika. Lakini ndani ya nyumba taa inaudanganya. Ukiona mwanga mpaka tumelala, unadhani siku bado ni ndefu, unaendelea kujilisha majani. Dawa yake ni kuufunika kila siku saa kumi na moja za jioni, na kuufunua asubuhi saa moja, siku arobaini na mbili bila kuruka. Kwake alitumia katoni za sabuni. Mimi, kwa kuwa ukuta wa chumba changu haufiki kwenye bati na taa moja inaangaza vyumba vyote viwili, nilichukua ndoo ya bluu. Rabia alisema kwamba kama watu wa umeme wangekuwa wanakata kila jioni kwa saa ileile tusingehitaji katoni wala ndoo, ila hao hata kukata kwenyewe hawakujui.

Tulianza tarehe moja Mei. Nitasema ukweli: zilikuwa jioni nzuri kuliko zote tangu Liévin aondoke. Jua linashuka nyuma ya vilima vya taka za mgodi, vumbi la kiangazi limeanza kupanda, na wanawake wawili wazima, kila mmoja kwenye mlango wake, wanachungulia saa. Yeye anasema bismillahi na kushusha katoni yake ya kwanza. Mimi naingia ndani, nafanya ishara ya msalaba, nafunika. Nikitoka, yeye amemaliza ya nne na anapiga mstari mmoja wa mkaa ukutani kuhesabu siku. Tunatazamana juu ya bomba. Midomo inacheza, tunabana kicheko.

Sasa, chumba cha karibu na lango alikaa Mama Musonda na watoto wake wanne. Mwaka huo haukuwa wake. Mwezi wa nne mwanawe mkubwa, Dan, mchimbaji, aliangukiwa na udongo shimoni. Walimtoa mzima, lakini mguu umevunjika mara mbili. Wiki mbili hazijapita, watu waliokuwa wamekuja kumposa bintiye Marie-Thérèse wakakaa kimya, na ukimya wao ukawa jibu. Wa tatu alirudi kutoka shule na homa isiyo na jina. Mama Musonda aliacha kulala. Mtu asiyelala anaona mengi, na jioni moja, akienda bombani, aliona kupitia mlango wa Rabia makopo manne yakifunikwa moja moja, maneno ya chinichini, na mistari myeusi ukutani.

Alirudi bila maji.

Kesho yake lupango mzima ulikuwa unajua. Rabia, walisema, anawafunga watoto wa mwenziwe njia. Kila jioni jua likishuka anawashusha na wao. Jumatano jumuiya ilipokutana nyumbani kwangu, tulipofika kwenye nia za kuombea, Mama Musonda alisimama. Hakupiga kelele. Alikuwa na kitenge cha kilio, ingawa hakuna aliyekufa.

"Makopo mane," alisema. "Na mi niko na batoto banne. Muhesabu benyewe."

Wanawake waliguna. Mmoja akasema tangu zamani yule hapokei chakula ovyo. Mwingine kwamba cherehani yake inalia hata Jumapili. Wote wakageuka kwangu. Na nyuma ya pazia, hatua chache kutoka kiti nilichokalia, kulikuwa na kopo la tano, limefunikwa kwa ndoo yangu mwenyewe, siku yake ya ishirini na tatu.

Ilikuwa rahisi. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu hapo, na kila mara linakuwa rahisi zaidi. Ningeinuka tu. Ningeinua pazia, ningesema: ni maua, mama zangu, hata mimi ninayo. Pengine wangecheka. Pengine Mama Musonda angelia na tungemshika. Lakini niliona nyuso zao, na nikaona kitu kingine nyuma ya nyuso: nikaona jina langu likitembea kutoka nyumba hadi nyumba pamoja na jina la Rabia. Hata Mama Régine, wangesema. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja. Mwanangu wa pekee alikuwa Kolwezi kwenye chumba kimoja na mke na watoto watatu. Sikuwa na mahali pengine duniani ila vyumba vile viwili, na sikuwa na kitu kingine ila lile jina.

Nikasema tuwaombee wote waliofungwa. Tukapiga magoti. Niliomba kwa sauti nzuri.

Rabia alikuwa anajua tayari. Kwenye lupango maneno hayana mlango. Wateja wawili walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Jioni ile alifunika kama kawaida, akapiga mstari wake, kisha akatazama ng'ambo ya bomba. Mimi nilikuwa nimeanza kufunika dakika tano mapema, na pazia limeshushwa.

Mama Musonda ndiye aliyemwita Papa Osée. Alikuja Jumamosi, makusudi, saa kumi na moja na nusu, ili akute jambo lenyewe. Alikuwa amevaa koti la kwenda kanisani kwake na uso wa mtu aliyetolewa kwenye kiti chake. Watu walijaa uani, mpaka na wa lupango wa jirani. Akamwambia Rabia afunue. Rabia alitoka na makopo yake, mawili mawili, akayapanga kwenye saruji ya bomba, akaondoa katoni. Vinono vinne, kijani. Hata tumba moja halijatokea.

"Ni maua," alisema.

"Maua iko wapi?" akauliza Papa Osée.

"Itakuya. Inataka giza kwanza."

Hapo ndipo alipopotea. Kicheko kilipita uani, kile cha watu ambao wamepata walichokifuata. Mama Musonda akapiga makofi mara moja.

"Inataka giza! Mwizi njo anatakaka giza. Maua inatakaka jua, hata mutoto wa première ku masomo anajua."

Dan alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mguu wake umenyooshwa juu ya kisanduku. Akasema, bila kumtazama mtu, "Mama, wacha. Mi niliangukiwa na udongo. Hakukuwa maua mule." Mama yake akamwambia anyamaze, kwamba aliyefungwa hajui kamba iko wapi.

Papa Osée hakuwa mtu mbaya. Niliona hakuamini maneno ya Mama Musonda, na niliona pia kwamba hakutaka kubeba neno la Rabia peke yake juu ya neno la watu wote. Alitafuta mtu wa kumsaidia. Akageuka.

"Mama Régine," akasema, "weye njo muntu wa Mungu mu hii lupango. Weye hausemake bongo, unasemaka tu ya kweli. Ulishaona maua ya kufunika namna hii? Anasema kweli?"

Pazia likainuka, likashuka.

"Siyui, Papa," nikasema. "Kila muntu na mambo ya nyumba yake."

Nilingoja. Nilijua Rabia ana haki ya kuinua mkono na kuonyesha mlango wangu, na ningekuwa yeye ningeonyesha. Watoto wangekimbia ndani, ndoo ingeinuliwa, na uongo wangu ungesimama uani na majani yake. Aliinua uso. Alinitazama kwa muda mfupi, si kwa hasira. Alinitazama kama mshonaji anavyotazama kitambaa alichokipima vibaya mwenyewe. Kisha akaanza kuokota katoni zake.

Papa Osée alimpa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Hakungoja. Siku nne baadaye kakake Yassine, aliyekuwa akifanya biashara ndogo Sakania, mpakani, alimtumia gari. Walipakia cherehani, godoro, masanduku mawili, makopo manne. Watu walikuwa wamejifungia ndani kama mvua inanyesha. Mimi nilitoka, kwa kuwa kutotoka kungeonekana. Nilisimama karibu na bomba na ndoo tupu, ile ya bati, kana kwamba nimekuja kuteka maji. Rabia alipita amekumbatia kifurushi cha vitambaa. Alisimama karibu nami, akasema kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayekumbusha dawa:

"Yako imebakia siku kumi na mbili. Usiruke hata moya."

Lango la bati lilipiga nyuma yao, halikufunga.

Nilitaka kukitupa kinono chooni. Usiku huo nilikishika kabisa, nikakiweka tena chini. Sikuruka hata siku moja. Saa kumi na moja nilifunika, saa moja nilifunua, na ishara ya msalaba sikuweza tena kuifanya. Mkono ulifika kwenye paji la uso ukarudi. Mwezi wa saba, katikati ya baridi, vichwa vidogo vilitokea juu ya majani, vimebanana kama punje za mtama, na tarehe ishirini na nane vikafunguka. Vyekundu. Sijui rangi ile niifananishe na nini. Ilikuwa inaonekana hata bila taa. Ilijaa chumba. Nilipokuwa na wageni nilikisukuma chini ya kitanda, na nikiketi nao nilikuwa nadhani wanaona wekundu ukitambaa kwenye saruji kuja miguuni pao.

Tarehe moja Agosti nilikwenda makaburini na maua ya plastiki. Nisingeweza kuvuka ua na lile kopo mbele ya watu. Nilimpalilia Liévin, nikamwagia maji jiwe lake, nikachomeka yale maua ya dukani. Kila mwaka nilikuwa nikimsimulia habari za mwaka. Mwaka huo nilimwambia Dan ameanza kukanyaga, nikanyamaza.

Nilikwenda kuungama wiki hiyohiyo. Abbé, padri wetu, alikuwa kijana, nilimjua akiwa anatumikia misa. Nilimweleza kwamba nimesema uongo. Aliniuliza ni uongo gani, nikazunguka, akaniuliza tena, nikasema wote. Hakunipa sala za kurudia. Aliniambia niende nikaseme pale niliponyamaza, mbele ya walewale, na baada ya hapo nirudi kwake.

Basi Jumatano jumuiya ilipokusanyika kwangu, nilisubiri nia za kuombea, nikaingia chumbani, nikakibeba kinono kwa mikono miwili na kukiweka kwenye meza, kando ya Bikira. Wanawake walishusha pumzi. Mmoja alinyoosha kidole kugusa, akakirudisha. Nikawaambia. Nikawaambia tawi lilitoka kwa nani, na giza ni la nini, na kwamba siku ile Mama Musonda alipohesabu manne, la tano lilikuwa nyuma ya pazia hili. Kwamba Papa Osée aliponiuliza nilijua. Sauti yangu haikuwa ile ya kusali. Ilikuwa inakatika kama uzi mbovu. Nilipomaliza nilingoja wanifanyie lile nililokuwa naliogopa miezi mitatu.

Mama Musonda aliinuka. Aliyatazama maua muda mrefu, mbele na nyuma. Kisha akaja akanishika bega, na macho yake yalikuwa na machozi ya kunihurumia mimi.

"Usijitese, Mama Régine," akasema. "Ya kwako iko tofauti. Yako iko ya maombi."

Wengine wakaitikia. Wakasema ndiyo, inaonekana, angalia wekundu wake, kama damu ya Bwana. Nilisema hapana. Nilisema ni tawi moja, mchanga mmoja, giza moja. Wakasema ni unyenyekevu wangu. Wakaomba nikipeleke kanisani. Nilirudia mara tatu, na kila nilivyorudia nilizidi kuwa mtakatifu, na Rabia alizidi kuwa kile walichomfanya. Nikaketi. Nikaelewa kwamba jina nililolilinda siku ile sasa lilikuwa na nguvu kuliko mimi, na lingeweza kula hata neno la kweli likitoka mdomoni mwangu.

Kwa Papa Osée nilikwenda nyumbani kwake, kwa miguu. Yeye aliniamini; hilo nalo niliona. Alikuna shingo, akasema chumba kimeshaingiwa na watu wengine, familia ya watu watulivu, na kwamba mambo yaliyotulia tusiyafukue.

Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, nilipanda gari kwenda Sakania. Kinono nilikiacha nyumbani. Niliona nikikibeba nitajificha nyuma yake. Nililala kwa masista wa parokia, na asubuhi nikauliza duka la Yassine. Kila mtu alilijua. Rabia alikuwa kwenye baraza, cherehani mbele yake, mgongo kwa njia. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliinuka, akanipa mkono, akaniletea kiti na maji kwenye glasi iliyofunikwa kisahani. Aliniuliza habari za watu wote wa lupango mmoja mmoja, hata za Mama Musonda. Aliniuliza mguu wa Dan umekaaje. Nikamjibu. Habari zikaisha.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Niliyasema vibaya, lakini niliyasema. Kwamba alinipa na nikamkana. Kwamba alikuwa na uwezo wa kunionyesha kwa kidole na hakunyoosha. Kwamba nimeeleza kwa jumuiya, na walivyonijibu. Kwamba nimemweleza Papa Osée, na chumba kina watu.

Gurudumu la cherehani lilikuwa limesimama chini ya kiganja chake.

"Chumba iko kila fasi, Mama Régine," akasema. Akanyoosha mshono kwa ukucha. "Nilijua unaogopa. Hata mi nilikuwa naogopa."

Akakanyaga tena. Nilikaa nikisikiliza sindano. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kwa matusi, na kwa kusamehewa pia nilikuwa nimejiandaa, Mungu anajua. Ni kwa ajili ya hilo nilivaa kitenge changu kizuri.

Jirani yake mmoja, Chisanga, alipita kuchukua blauzi. Alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye sauti ya sokoni. Aliijaribu juu ya nguo zake, akajigeuza, akamtania Rabia kwamba amembana ili asile tena, kisha akaniona pembeni.

"Na huyu mama wetu ni nani? Muko ndugu?"

Rabia alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Hapana. Ni mama wa Katuba," akasema. "Tulikaaka lupango moya."

Nilikubali kwa kichwa. Chisanga akanisalimia vizuri, akaenda zake.

Mchana Rabia alipika. Bukari ya unga wa mahindi, samaki wadogo wa ndakala, mboga ya lenga-lenga iliyotiwa karanga. Aliniletea maji ya kunawa, akanipa sahani ya udongo yenye maua ya bluu, ile ya wageni, na mwenyewe akaketi mkabala nami, mikono mapajani. Alisema atakula na kaka yake. Chakula kilikuwa kizuri. Nilikula chote, sikuacha hata mchuzi, kwa sababu alikuwa akinitazama, na sikujua kitu kingine ninachoweza kumpa. Nilipomaliza alichukua sahani, akasimama nayo kidogo mlangoni, akasema gari za kurudi Lubumbashi zinajaa mapema, nisichelewe.